Mkaguzi wa Mizani na Pointi Nne

Mdogo wangu Merle hachezi kamari. Atakuambia hivyo mwenyewe kabla hujamuuliza, maana ni mtu wa kujibu mashtaka ambayo hayajasomwa. “Kamari ni ya wajinga, dada,” huniambia. “Mimi nafanya biashara ya habari.” Mfanyabiashara huyo utamkuta saa nne asubuhi, siku ya kazi, ndani ya gari la serikali nyuma ya ghala la mahindi, injini inanguruma, anahangaika na simu kutafuta kama wasichana wa chuo fulani cha Montana wamefika salama au basi lao limekwama kwenye theluji.

Mimi naitwa Twyla Hostetter, nimemtangulia Merle miaka sita. Nilifanya kazi posta ya hapa Holcroft mpaka nikastaafu, na kwa miaka ishirini na miwili nimeandika kitabu cha alama kwenye mechi za kikapu za chuo chetu cha Marbury. Silipwi. Napewa fulana kila msimu na bisi nile nishibe. Nasema haya ili ujue kwamba nikizungumza habari za pointi, sizungumzi ya kuokota barabarani.

Merle ni mkaguzi wa mizani. Jimbo la Nebraska limemlipa mshahara miaka ishirini na sita azunguke na mawe ya kupimia nyuma ya gari, ahakikishe kwamba galoni ya petroli ni galoni na ratili ya nyama ni ratili. Hapo sina la kumsema, kazi aliijua. Tena aliijua kupita kiasi. Mwaka mmoja alifunga mizani ya Bi Ostrander, mjane mwenye bucha pale kona ya benki, kwa sababu ilikuwa inampunja mteja robo wakia. Mama wa watu alikaa siku tatu hauzi kitu. Nilipomwambia Merle angemwonya tu, aliniangalia kama mchungaji aliyesikia tusi. “Dada, mwizi wa robo wakia ni mwizi.” Nyani haoni kundule.

Mkewe, Marcy, alifariki binti yao Brynn akiwa na miaka tisa. Hapo pia nitampa haki yake, kwa sababu sitaki mtu aseme Twyla ana kijicho. Alimlea yule mtoto peke yake. Alijifunza kusuka nywele, vibaya, lakini alijifunza. Alimpeleka mazoezini saa kumi na moja alfajiri, akamngoja nje kwenye baridi ya kugandisha mate. Jioni walikaa jikoni wakizungumza mpaka chakula kinaungua. Yule mtoto alikua hana siri kwa baba yake. Alipopata mvulana wa kwanza alimwambia baba kabla ya kumwambia rafiki. Mimi shangazi mtu nilikuwa napata makombo.

Halafu likaja hilo soko la utabiri kwenye simu.

Alianza kwa bei ya mahindi, jambo ambalo hapa kwetu hata mchungaji hufanya. Akaingia kwenye mvua: itanyesha Omaha Jumanne au haitanyesha? Akaingia kwenye siasa, akatoka amechubuka. Mwishowe akatua kwenye kikapu cha vyuo, na hata huko hakutaka mambo ya nani atashinda. Alichagua jumla ya pointi. Soko linasema, kwa mfano, mia moja ishirini na saba na nusu. Ukiamini timu zote mbili kwa pamoja zitapita hapo, unanunua “zaidi”. Ukiamini hazitafika, unanunua “chini”. Kila karatasi ina bei ya senti kadhaa, inapanda na kushuka kadiri watu wanavyonunua, na mwisho wa mchezo iliyosema kweli inalipwa dola moja, iliyosema uongo inalipwa sifuri. Unaweza pia kuuza yako kabla mchezo haujaisha, hata kabla haujaanza, ukaondoka na ulichopata. Ni hayo tu. Merle anaweza kukueleza jambo hilo kwa saa mbili na michoro.

Unajua kilichonichukiza zaidi? Si fedha. Ni kwamba mtu wa jumla hana timu. Mji wetu una watu elfu nne, na kila mmoja amezaliwa Marbury na atazikwa Marbury. Sasa mtazame Merle, amekaa mstari wa sita na fulana ya buluu ya chuo, wasichana wetu wamepigwa kwa pointi ishirini na nane, watu wamejishika vichwa, yeye anatabasamu kwa sababu hesabu yake imekaa sawa. Siku moja wapinzani walifunga kikapu cha mbali, naye akapiga makofi. Gus Tvrdik, jirani yake wa kiti kwa miaka kumi, akageuka.

“We Merle, umehama?”

“Natazama mchezo tu, Gus.”

“Tazama, lakini mikono weka mfukoni.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mezani na penseli yangu, naona aibu kwa niaba ya ukoo.

Na alikuwa na njia zake za kazi, msidhani anabahatisha. Alijua refa gani hupuliza filimbi hovyo na refa gani humeza filimbi. Alijua timu gani imesafiri saa tisa ndani ya basi. Na alikuwa na chanzo kimoja ambacho wenzake wa Chicago na New York hawakuwa nacho: Brynn alikuwa mchezaji wa Marbury.

Nisikudanganye, Brynn hakuwa nyota. Aliingia timu bila ufadhili, kwa kuomba majaribio, akawekwa mwisho wa benchi, namba ishirini na nne. Ni yule anayebeba chupa za maji, anayewapiga wenzake mgongoni wakitoka, anayepiga kelele mpaka sauti inakauka. Kwa miaka minne aliingia uwanjani jumla ya dakika thelathini na moja. Alirusha mara sita, akakosa zote. Kila mwaka chuo huchapisha kitabu cha rekodi chenye jina la kila aliyewahi kuvaa fulana ile tangu mwaka 1974, na mbele ya jina idadi ya pointi zake. Brynn alikijua kile kitabu kuliko mtu yeyote. “Shangazi,” aliniambia siku moja, “wasio na kitu tangu kuanza ni kumi na mmoja tu. Sitaki kuwa wa kumi na mbili.” Alisema huku anacheka, lakini nilimwona akiuma mdomo.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa walikuja kula kwangu. Nilipika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini ya kuchovya. Merle alikuwa hajaketi vizuri ameshaanza.

“Yule mrefu wenu, mwanangu. Kessa. Kifundo kimepona?”

“Bado kidogo, Baba. Kocha anasema atacheza nusu ya kwanza tu.”

“Aah. Pole yake. Na yule anayeleta mipira, ana mafua bado?”

“Merle,” nikamwambia, “mwache mtoto ale.”

“Nauliza hali za watu, dada. Ni dhambi?”

Brynn alifurahi, maskini. Alidhani baba yake anapenda timu yake. Chuo kilikuwa kimewapa wachezaji karatasi ya kutia saini, kwamba wao na watu wa nyumbani kwao hawatagusa masoko hayo kwa mechi za Marbury, wala habari za ndani hazitatoka nje. Merle aliisoma karatasi ile mezani kwangu, miwani puani, akasema, “Hii inahusu kamari,” akairudisha. Nilimsikia. Nilijua anafanya nini, au nilijua nusu, nikanyamaza kwa kuwa Jumapili ile ilikuwa nzuri na chakula kilikuwa cha moto. Hilo nalibeba mimi.

Mwezi wa kwanza mwaka wake wa mwisho, mazoezini, goti la Brynn likageuka upande ambao goti haligeuki. Kano ilikatika. Nilikwenda kumwona hospitali, akaniambia kitu kimoja tu: “Nimekuwa wa kumi na mbili, Shangazi.” Nikamlisha jeli.

Sasa, kwetu kuna desturi. Mechi ya mwisho ya nyumbani kila msimu ni siku ya wanaomaliza. Kabla ya mchezo kila anayemaliza anatembea mpaka katikati ya uwanja ameshikana mkono na mzazi, maua mkononi, mtangazaji anasoma maneno machache ambayo mchezaji mwenyewe ameandika. Na akiwapo anayemaliza akiwa ameumia? Makocha wa pande mbili huweza kupatana kimyakimya: mpira ukirushwa, wapinzani wanasimama pembeni, aliyeumia anatembea hadi chini ya kikapu na kuweka mpira ndani. Kisha timu yake nayo inasimama, wapinzani wanaweka wao, ili isiwe dhuluma. Mbili kwa mbili. Aliyeumia anatoka, uwanja mzima unasimama kumpigia makofi, mchezo wa kweli unaanza. Pointi zile ni za halali, zinaandikwa, na mimi nimewahi kuziandika mara tatu huku machozi yananichafulia karatasi.

Jumapili ya mwisho wa mwezi wa pili, Brynn alikuja kwangu na magongo yake, uso unawaka. Hakungoja chakula.

“Kocha Renata amekubaliana na wa Coldwater. Jumamosi. Nitaanza mimi! Nitaweka kikapu!”

Nilipiga ukelele, majirani walichungulia. Nikamkumbatia mpaka gongo likaanguka. Merle alisimama, akamshika uso kwa mikono miwili, macho yamemjaa maji, na naapa machozi yale yalikuwa ya kweli.

“Ila ni siri,” Brynn akasema. “Kocha kasema niwaambie nyie wawili tu, hata timu haijui mpaka siku yenyewe. Msimwambie mtu.”

“Mimi ni kaburi,” Merle akasema.

Tukala. Brynn akaongea mchana kutwa: ataweka kwa mkono gani, goti lina mhimili wa chuma, daktari amekubali asiruke. Nami nikawa namtazama mdogo wangu. Kufika kwenye mkate wa pili alikuwa kimya, anachovya mahali pamoja tu. Nilidhani anamkumbuka Marcy. Mjinga mimi. Mtu alikuwa anajumlisha. Mbili na mbili ni nne, na hizo nne hakuna mtu wa Chicago wala New York aliyekuwa nazo.

Soko la mechi ile lilifunguliwa Alhamisi, kwenye ile ile mia moja ishirini na saba na nusu. Mechi yenyewe ilikuwa ndogo, Marbury na Coldwater, nani ataitazama? Watu wachache wanaweka dola ishirini, thelathini. Merle akaingia na karatasi elfu tatu za “zaidi”. Bei ikatoka senti arobaini na nane ikapanda hamsini, hamsini na tano, sitini. Mkaguzi mzima wa mizani, aliyefunga bucha la mjane kwa robo wakia, aliweka tofali zima upande mmoja wa mizani akadhani haitainama. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Jumamosi mchezo ulikuwa saa nane mchana. Saa saba kasoro nilikuwa mezani, napanga majina. Kocha Renata Pohlman akaja. Ni mwanamke mkubwa, mpole, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, lakini siku ile alinong'ona.

“Twyla, nikuulize kitu, usinikasirikie.”

“Uliza.”

“Lile jambo la Brynn. Ulimwambia nani?”

“Hata paka sijamwambia.”

Akavuta kiti. “Ofisi ya ligi wamenipigia asubuhi. Wana watu wanaoangalia masoko. Wanasema tangu Alhamisi kuna mtu ananunua ‘zaidi’ ya mechi yetu kama anayenunua sukari kabla ya vita. Wakaniuliza kama kuna lolote lisilo la kawaida. Ningewadanganya?”

“Hapana.”

“Nikawaambia. Wamesema lisifanyike. Hakuna pointi hata moja ya mapatano kwenye mechi ambayo mtu ameshaiwekea pesa. Nimewasihi, Twyla. Nimesihi dakika arobaini.”

“Amejua mtoto?”

“Nimetoka kumwambia sasa hivi. Nikamuuliza alimwambia nani. Akasema nyie wawili, kama nilivyomruhusu.”

Akaniangalia. Nikamwangalia. Kikulacho ki nguoni mwako, na wote wawili tulijua ni nguo ipi, lakini hakuna aliyetaja jina.

Nilimkuta Merle kwenye ukumbi wa kuingilia, karibu na kabati la vikombe, ananunua bisi. Alikuwa amevaa koti zuri na tai ya buluu kwa ajili ya kutembea na mwanawe.

“Umenunua?” nikamwuliza.

“Eeh, unataka?” Akaninyooshea bisi.

“Merle, mimi nimekubadilisha nepi. Umenunua mechi hii?”

Akatazama kushoto, akatazama kulia. “Punguza sauti, dada.”

“Kwa hiyo umenunua.”

“Sikiliza. Pointi nne. Za bure. Soko zima halijui. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na habari, sasa.”

“Hiyo habari ilikuwa ya mtoto wako.”

“Na nani kaumia? Niambie. Brynn anaweka kikapu chake, watu wanalia, wanapiga picha. Mimi napata changu kutoka kwa mtu wa mbali ambaye hatamjua maisha. Kila mtu anarudi nyumbani na furaha. Wewe tatizo lako unaona ubaya kila mahali, ndiyo maana hukuolewa.”

Nilikuwa nafungua mdomo nimpe yake, na angeipata, lakini nikaona macho yake yamehamia nyuma yangu. Brynn alikuwa anakuja. Hakuwa na magongo. Alikuwa amevaa fulana namba ishirini na nne na mhimili wa chuma gotini, anatembea polepole huku ameshika ukuta. Uso umevimba.

“Baba, wamefuta.”

“Wamefuta nini, mwanangu?”

“Kikapu changu. Kuna mtu alinunua sijui nini, ligi wamesema basi. Siweki. Naanza benchi.”

Nilingoja. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Nikasema moyoni, sasa, Merle, sasa utavunjika, utamwangukia mtoto miguuni, na mimi nitakusamehe huku nimekukasirikia, kama nilivyokufanyia maisha yetu yote.

Merle akaweka bisi juu ya kabati la vikombe.

“Nani mwingine anajua?” akauliza.

“Kocha. Shangazi. Mimi.”

“Timu je? Wa Coldwater?”

“Wasichana hawajaambiwa. Kocha wao anajua. Baba, mimi—”

“Subiri, mwanangu. Dakika moja tu. Usimwambie mtu kwanza.”

Akatoa simu. Akatugeuzia mgongo, uso kwenye kioo cha kabati, na kidole gumba kikaanza kazi. Tulisimama pale, mimi na Brynn, tunatazama mabega yake. Watu walipita na soda zao wakatusalimia. Gus Tvrdik alimwambia Brynn “Siku yako leo, binti!” na Brynn akamwambia “Asante, Bwana Gus.”

“Shangazi,” akaniuliza taratibu, “Baba anafanya nini?”

Ningeweza kudanganya. Nimeshamdanganyia yule mwanaume mara nyingi: kwa baba yetu, kwa walimu, kwa Marcy mwenyewe. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri tu, wa kuhusu kazini kwake.

“Anauza,” nikasema.

“Anauza nini?”

“Ulichotuambia Jumapili.”

Hakulia. Nilidhani atalia zaidi, badala yake machozi aliyokuwa nayo yakakoma. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande kidogo, kama mtu anayejaribu kusoma kibao kilicho mbali.

Merle akageuka. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji, lakini uso umetulia, kama mtu aliyevuka barabara yenye magari.

“Tumetoka salama,” akasema. “Zimechukuliwa zote, senti sitini na moja. Hata faida ipo kidogo.” Halafu, sasa, baada ya hayo yote, akafungua mikono. “Njoo hapa, mtoto wangu. Pole sana. Ligi hawana utu kabisa.”

Tumetoka! Alisema “tumetoka”, na mtoto amesimama mbele yake na goti lililokatika. Nimeishi miaka sitini na minane, nimezika wazazi, nimefanya kazi na umma kwenye dirisha la posta, na sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau ndugu yangu wa tumbo moja wakati ule.

Brynn hakuingia kwenye ile mikono. Alisema, “Wanatuita kwenye mstari, Baba,” kwa sababu kweli walikuwa wanaita.

Na alitembea naye. Mimi ningemwacha asimame katikati peke yake kama nguzo ya simu, lakini Brynn si mimi. Goti lilihitaji mkono na mkono uliokuwapo ni wa baba yake, basi aliushika, akatembea, akatabasamu kwa mpiga picha. Mtangazaji akasoma kadi ambayo Brynn aliiandika Jumatatu, kabla ya yote: “Namba ishirini na nne, Brynn Hostetter. Anamshukuru Mungu, wachezaji wenzake, na baba yake Merle, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa kila kitu.” Uwanja mzima ukasema “aaah”. Merle akapunga mkono. Nilibonyeza penseli mpaka ncha ikavunjika.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Tulifungwa sitini na nane kwa hamsini na nane. Brynn alikaa mwisho wa benchi dakika zote arobaini, akasimama kila mwenzake alipotoka, akawapiga mgongoni, akawapa maji. Kocha Renata alimtazama mara mbili tatu kisha akaangalia pengine.

Baadaye Merle alifungiwa akaunti. Niliwaandikia wenye soko barua mimi mwenyewe, kurasa mbili, na anuani yangu juu, ili asihangaike kutafuta aliyemchongea. Alilalamika mwezi mzima, eti ameonewa, eti mtu mdogo hapewi nafasi nchi hii. Ofisi yake ya mizani haikumfanya kitu. Mpaka leo anazunguka na mawe yake. Lakini hayo ni ya baadaye na hayana uzito. Nitakuambia kilichotokea siku ile ile, filimbi ya mwisho ilipolia na watu wanashuka ngazi.

Wasichana walikuwa wanapiga picha na familia zao. Nilikuwa mezani najumlisha kitabu, na refa anangoja kutia saini. Brynn alikuja akaegemea meza upande wangu, maua kwapani. Nikamsogezea kiti, hakukaa. Refa akatia saini, akaenda zake. Ndipo Merle akashuka, mikono mfukoni, akaja moja kwa moja. Nilidhani anakuja kwa mwanawe. Akainama juu ya kitabu changu.

“Jumla ngapi, dada?”

“Ubao upo pale.”

“Nataka ya kitabuni. Ya kitabuni ndiyo rasmi.”

“Mia moja ishirini na sita.”

Akapiga meza kidogo kwa kiganja. “Unaona? Mia ishirini na sita! Ningebaki nazo ningeliwa zote. Zile nne zingeifikisha mia thelathini, lakini bila zile nne, chini.” Akamgeukia Brynn, anacheka, anataka mtu wa kucheka naye. “Bahati kubwa uliniambia mapema, mwanangu.”

Brynn akatazama kitabu. Orodha ilikuwa wazi mbele yetu sote, majina kumi na mawili, la kwake mwisho.

“Na mimi, Baba? Nimepata ngapi?”

Merle akashusha macho. Akafuata mstari kwa kidole, kweli alitafuta, kutoka juu mpaka chini, mpaka akalifikia jina lake mwenyewe la ukoo.

“Lakini wewe hukucheza, mwanangu,” akasema.

Alilisema vizuri, kwa upole, kama mtu anayerekebisha kosa dogo la hesabu. Brynn akaitikia kwa kichwa. Akaniaga mimi kwa jina, akazunguka meza akiwa ameshika ukingo wake, akaenda taratibu na lile goti mpaka mlango wa chumba cha wachezaji, ambao wazazi hawaruhusiwi kuingia. Merle alimngoja nje saa nzima, ana tai ya buluu na habari zake. Brynn alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, na gari lililomchukua lilikuwa langu.